Kamusi ya simu niliyoipima kwa neno "tamalaki"

Kwa mwezi mzima nimekuwa nikitumia kamusi moja ya Kiswahili iliyoundwa kwa ajili ya simu, na kwa kuwa ubora wa kamusi hauonekani katika maneno ambayo kila mtu anayajua, niliamua kuipima kwa kitenzi tamalaki. Fasili niliyoikuta ni neno moja tu: "tawala". Hakuna mfano wa sentensi, wala mnyambuliko, wala asili ya neno.

Fasili hiyo si ya uongo, lakini inamnyima msomaji kile hasa alichokuja kukitafuta. Kutawala ni neno pana: mkuu wa wilaya hutawala kwa niaba ya serikali, timu hutawala mchezo, na ofisi huwa na idara ya utawala. Kutamalaki ni kuishika enzi yenyewe, bila kuwapo mwingine wa juu zaidi. Zaburi ya 93 katika Biblia ya Kiswahili huanza kwa "Bwana ametamalaki", na hapo kiambishi -me- kinafanya kazi ileile kinayoifanya katika ameketi au amesimama: tendo limekwisha, hali inaendelea. Amekwisha kukikalia kiti cha enzi, na bado amekikalia.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba matumizi ya leo hayakuguswa. Magazeti huandika kuwa ufisadi umetamalaki, yaani umeenea hata hakuna pa kuukwepa, na mwanafunzi mwenye fasili ya "tawala" peke yake ataielewa nusu tu ya sentensi hiyo.

Kamusi hii hufunguka upesi na haihitaji intaneti. Kidahizo cha mamlaka, yaani neno hilo lilivyoorodheshwa na kufafanuliwa, kwa haki, kimeandikwa vizuri, kwani kimetenganisha uwezo wa kuamuru na taasisi iliyopewa uwezo huo. Hata hivyo, hakuna kinachomwonyesha msomaji kwamba mamlaka, milki, miliki, malkia na tamalaki ni ndugu wa shina moja la Kiarabu.

Kasoro kubwa kuliko zote niliigundua mwishoni. Ukiandika "ametamalaki" kama lilivyo kwenye maandishi, kamusi haileti chochote, kwa sababu inalitambua shina pekee. Anayejifunza lugha, ambaye bado hajui kuviondoa viambishi, atadhani neno hilo halipo. Mpaka hilo lirekebishwe, ninaiweka kamusi yangu ya karatasi karibu.