Nililipia kutembezwa Lubumbashi, mji niliozaliwa

Binamu yangu alikuja kutoka Goma mwezi wa saba, siku kumi tu, akataka kuona "Lubumbashi yote". Mimi ni mtoto wa Katuba, mtaa wa huku, lakini kumwonyesha mgeni mji wako ni kazi. Unafika mbele ya kanisa kuu la Petro na Paulo, unasema "hili ndilo kanisa kuu", na maneno yamekwisha. Nikatafuta watu wanaotembeza wageni, nikalipa dola 45 kwa kila mmoja wetu: gari, mwongoza wageni, kiingilio cha makumbusho na chakula cha mchana. Siku moja, kuanzia mjini hadi Shilatembo, mahali pa kumbukumbu nje ya mji.

Gari waliahidi saa mbili asubuhi. Lilikuja saa tatu na nusu. Aliyeomba msamaha ni shofere, papa mmoja mwenye mvi; kijana wa kutuongoza alikuwa kwenye simu.

Makumbusho ndipo pesa yangu iliporudi. Kuna misalaba ya shaba nyuma ya kioo, ile ya mikono minne iliyo sawa. Mimi nimekua nikiiona kama pambo la ukutani kwa wajomba, na mitatu kama hiyo ilichorwa kwenye bendera ya Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, ilipojitenga, basi nilidhani naifahamu. Kumbe kuna iliyotoka makaburini Sanga, kando ya ziwa Kisale, walikozikwa watu karne nyingi kabla Mzungu hajachimba shimo lolote huku. Ile ya kwanza ni mikubwa na kila mmoja una umbo lake. Kadiri miaka inavyosogea inakuwa midogo na inafanana, kwa sababu ilishakuwa pesa: watu walitaka ihesabike. Binamu alikuwa anapima kwa kidole juu ya kioo. "Huu mdogo si hata kifungo cha shati!" Tungekaa hapo hadi mchana kama tusingeharakishwa.

Terili, yaani kilima cha takataka za shaba, na shemine, bomba refu la moshi la kiwanda, tuliviona kwa kupita. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli kutoka kusini kufika na mji kuanza, na kile kilima cheusi ni takataka za tanuri la miaka yote hiyo. Baadaye ikaonekana takataka zenyewe zina kobalti, wakarudi kukikwangua. Binamu alitoa simu apige picha, mlinzi akaja mbio, na ilibidi shofere ashuke kutuombea. Kijana alipaswa kutuambia mapema. Chakula sitakisemea sana: sombe (majani ya muhogo) ilikuwa nzuri, bukari (ugali) ilikuwa imeshafanya ngozi juu.

Sasa lalamiko langu kubwa. Baada ya kula tulipelekwa kwenye sanamu ya Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo, pale Posta. Kijana alisimulia vizuri, kwa fahari: 11 Julai 1960, Katanga inajitangazia uhuru, bendera, pesa yake, yote hadi mwisho wake Januari 1963. Tukapiga picha chini ya sanamu tukitabasamu. Kisha tukachukua barabara ya upande wa Likasi hadi Shilatembo, na kijana yuleyule akabadili sauti kama padri: hapa ndipo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipouawa usiku wa 17 Januari 1961. Hadithi mbili, kama zilitokea nchi mbili.

Binamu ndiye aliyeuliza, polepole: "Yaya, huyu wa kwenye sanamu si ndiye alikuwa anatawala huku wakati huo?"

Kijana akatazama saa yake. Aliyejibu ni papa shofere, akiwa ameegemea mlango wa gari. "Ndiye, mwanangu. Waliletwa kwa ndege hadi Luano, uwanja wa ndege wa huku, wamefungwa, wamepigwa. Wakawekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja, usiku wakaletwa huku. Mawaziri wa Katanga walikuwepo, na maofisa Wabelgiji walikuwepo." Akanyamaza kidogo. "Miili waliifukua, wakaiyeyusha kwa asidi. Kilichobaki ni jino la Lumumba, na lilikaa Ubelgiji hadi 2022. Sanduku lenye jino hilo lilipopitishwa hapa, mimi nilikuja. Nilileta watu, lakini mimi pia nilikuja."

Tulipewa dakika ishirini. Jua lilikuwa linashuka na kijana alitaka kurudi mjini kabla ya giza, jambo ambalo silipingi, ila lingepangwa asubuhi.

Kama unakuja, lipia, lakini gawa siku mbili: moja ya makumbusho na mji, nyingine ya Shilatembo peke yake. Uliza pia kama picha zinaruhusiwa, na kiingilio kweli kimo, maana sisi tuliongezewa franka mlangoni. Mimi nitarudi mwezi wa kumi na mbili na mama. Nimeshawaambia nataka shofere yuleyule. Mwongozaji waniletee yeyote.