Uzoefu wangu: kuchomewa ndama pembe na daktari wa mifugo, Njoro

Nina ng'ombe wa maziwa hapa Njoro, Ayrshire na Friesian. Huduma hii ya kuondoa pembe nimeilipia mara mbili. Ya kwanza sitaki hata kuikumbuka, lakini lazima niieleze ndiyo ya pili ieleweke.

Mwaka juzi mtamba wangu wa miezi tisa alianza kuwapiga wenzake pembe kwenye hori, mpaka mmoja akachanika kiwele. Nikamwita jamaa anayezunguka na msumeno. Alimfunga kwenye mti, akakata kavukavu bila ganzi. Damu iliruka hadi kwenye mabati ya zizi. Kesho yake alfajiri, na mnajua baridi ya Njoro, nikaona mvuke unatoka kichwani mwa ng'ombe, pale pembe ilipokuwa. Nilidhani wazimu umenipanda. Nilipochungulia, palikuwa na tundu linaloingia ndani. Nzi, usaha, wiki tatu za kuosha na dawa.

Safari hii nilimpigia daktari wa mifugo, msichana mdogo tu. Kabla ya kutaja bei aliuliza, "Mama, ndama wana umri gani?" Mmoja wiki tatu, mwingine tano. Akasema wakishapita miezi miwili kazi inakuwa nyingine kabisa, na gharama pia.

Alichelewa saa mbili nzima, hilo nimemkatia alama. Lakini alipofika alinyoa nywele kidogo juu ya sikio la ndama akaniambia, "Mama, shika hapa." Nikagusa kitu kama punje ya maharagwe, kinateleza chini ya ngozi. Hiyo ndiyo pembe. Kumbe haichipuki kutoka kwenye fuvu kama mti kutoka ardhini; mbegu yake iko kwenye ngozi, na baada ya kama miezi miwili ndipo inajishikiza kwenye mfupa. Baadaye mfupa unakua ndani ya pembe, na ule uwazi wa hewa ulio kwenye paji la uso, unaopitana na pua, unapanda hadi humo. Mvuke wa mtamba wangu ulikuwa pumzi yake mwenyewe! Nilinyamaza kidogo hapo.

Akanipa kisa cha mwanabiolojia mmoja Marekani, W. Franklin Dove, ambaye mwaka 1933 alichukua ndama dume wa Ayrshire wa siku moja, akahamisha zile punje mbili hadi katikati ya paji la uso. Zikaungana, fahali akakua na pembe moja. Ayrshire kama wangu!

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Alidunga ganzi kati ya jicho na pembe, pande zote mbili, tukangoja kama dakika kumi. Akamchoma ndama kwa ncha ya sindano, hakushtuka. Ndipo akaleta chuma cha gesi chenye mdomo wa duara, akakizungusha sekunde chache hadi pakabaki pete ya rangi ya shaba. Harufu ni ile ya kucha ikiungua, na si ajabu, kwani ganda la pembe limeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha na kwato. Akamaliza na sindano ya kutuliza maumivu ya jioni.

Nilimuuliza kuhusu vifaru wetu wa Ziwa Nakuru, mbona nasikia pembe ya kifaru ikikatwa vizuri inaota tena? Akasema ile haina mfupa ndani, ni kucha tupu. Na swala pala ukiwatazama pale, wenye pembe ni madume peke yao, za kupigania majike. Nyati majike wanazo pia, kwa kuwa mnyama mkubwa wa mbugani hana kichaka cha kumficha na ndama wake, itabidi asimame apigane. Ng'ombe wetu wametoka kwa mababu wa namna hiyo. Ila mababu hao hawakuwa wakila kwenye hori moja la futi sita.

Shemeji yangu wa Khayega, kule Kakamega, alipowaona ndama alisikitika. "Shemeji, umewanyang'anya silaha." Kwao fahali wa kupiganishwa hunolewa pembe, sasa utamwambia nini?

Nililipa Sh1,000 kwa kila ndama na Sh500 ya mafuta ya pikipiki. Msumeno ulinigharimu Sh300, halafu dawa za zaidi ya Sh4,000.

Vidonda vilikauka bila nzi. Ila juzi nikimpapasa yule mkubwa, upande wa kushoto nimegusa kidude kigumu chini ya kovu. Nimempigia daktari, amesema huenda ile pete ya kuchoma haikufunga vizuri na pembe inaota, atakuja Jumamosi bila malipo. Nyota nne kwa sasa, ya tano nimeishikilia hadi Jumamosi.