Darasa la Hisabati la jioni, Tabata: mwalimu aliyenifundisha mimi sasa anamfundisha binti yangu

Wazazi wenzangu mnaotafuta twisheni ya Hisabati kwa mtoto wa kidato cha tatu au cha nne, hasa mlio upande wa Tabata, Segerea na Kinyerezi, hii ni yenu. Jina la mwalimu silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa, ila ukimuulizia mtaani mwalimu mstaafu wa Hisabati, utaelekezwa.

Mzee huyu alinifundisha sekondari. Shule yetu ilikuwa na walimu wa kuogopwa na wengine walikuwa hodari kweli ubaoni, lakini nikikutana na niliosoma nao, iwe harusini au msibani, anayetajwa ni yeye. Ukikosa swali hakukwambia umekosa. Alikuita mezani kwake akasema, "Nieleze ulivyofika hapa." Wewe unaeleza, yeye anafuatisha mistari ya daftari lako kwa kidole, taratibu, mpaka kidole kinasimama. Kinaposimama ndipo somo lako la siku hiyo linapoanzia, hata kama ni jambo la darasa la sita.

Nimempeleka binti yangu kwake baada ya kumtoa kwenye kituo kimoja kikubwa ambako watoto walikuwa wanajazana ukumbini na kukaririshwa majibu ya mitihani iliyopita. Alikuwa anarudi na daftari limejaa, kichwani hamna kitu.

Jioni moja niliwahi kumfuata, nikakaa benchi la nyuma. Alikuwa amepewa azidishe 0.0357 kwa 0.84 kwa kutumia logarithimu, yaani namba za jedwali zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne hauruhusu kikokotoo, mtoto anategemea kijitabu cha jedwali, kwa hiyo mada hii huwezi kuiruka. Jedwali alilisoma vizuri: ya kwanza baa mbili nukta 5527, ya pili baa moja nukta 9243 (baa ni kistari cha juu kinachoonyesha kuwa namba iliyo kabla ya nukta ni hasi, desimali zikibaki chanya). Akajumlisha desimali akapata 1.4770, ile moja akaibeba inavyotakiwa. Jibu likatoka 0.0002999, wakati lilitakiwa 0.02999.

"Nieleze, binti."

Akaeleza: baa mbili na baa moja ni baa tatu, naongeza moja niliyobeba, inakuwa baa nne. Kidole kikasimama.

"Una deni la elfu tatu kwa Mangi. Umempelekea elfu moja. Limebaki deni gani?"

"Elfu mbili."

"Hapa umeandika elfu nne."

Nilimwona mwanangu anakodolea macho daftari, halafu anacheka. Kumbe shida haikuwa logarithimu hata kidogo. Ilikuwa namba hasi, ambazo alizivuka kidato cha kwanza bila kuzielewa na hakuna aliyegundua. Jioni ile jedwali lilifungwa, ukachorwa mstari wa namba ubaoni, na mwalimu hakutamka hata mara moja lile neno ambalo watoto wetu wamelizoea, "hata hili hujui?" Kwangu mimi hapo ndipo ada yote inaporudi.

Peter Tabichi wa Kenya, mwalimu wa hisabati na fizikia kule Njoro, Nakuru, alipopata tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka 2019, dola milioni moja, watu wengi walizungumzia mshahara wake, kwamba asilimia 80 alikuwa anawapa wenye shida. Mimi lililonigusa ni lingine: yeye na wenzake walikuwa wakikaa na wanafunzi dhaifu mmoja mmoja, nje ya vipindi na mwisho wa wiki. Niliposoma habari zake nilimkumbuka mzee huyu mara moja.

Mada ya dunia kama tufe anaifundisha kwa chungwa na kalamu ya wino, vilevile kama alivyotufundisha sisi. Anaweka Tanga kwenye digrii 5 kusini, Dar es Salaam digrii 7 kusini, zote mbili kwenye longitudo ya 39 mashariki, kwa kukadiria digrii nzima. Tofauti ni digrii 2, kila digrii maili 60 za baharini, jumla 120, ambazo ni kama kilomita 222. Kijana mmoja akauliza mbona basi la Tanga linakwenda kilomita zaidi ya 300. Mwalimu alifurahi sana. Akawaachia wabishane wenyewe mpaka mmoja akasema basi linazunguka Chalinze na Segera, halifuati mstari wa chungwa. Sina hakika kama kuna mtoto pale atakayesahau mada ile.

Mazingira ni ya kawaida. Ni kibaraza nyuma ya nyumba yake, mabenchi ya mbao, ubao wa chaki, bati juu. Mvua kubwa ikinyesha hamsikilizani na kipindi husimama. Umeme ukikatika baada ya magharibi watoto wanaachiwa waende. Anaanza saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, na mtoto akichelewa hamrudii alichokosa isipokuwa Alhamisi mwishoni. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, anakubali ulipe nusu nusu, ila risiti hana. Anaandika kwenye daftari lake, nawe andika kwenye lako.

Neno la kweli kwa mwenye mtoto wa kidato cha nne ambaye mtihani umebaki wiki chache: hapa si mahali pake. Mwalimu huyu hakimbizi mtu. Anaweza kumrudisha mtoto kwenye sehemu za namba wakati wewe unataka afike kwenye matriksi, na ukimlalamikia atakusikiliza kwa heshima zote halafu ataendelea vilevile. Mimi nakubaliana naye kabisa, lakini muda unahitajika. Mlete akiwa kidato cha tatu, au mwanzoni mwa cha nne.

Hapokei wengi, benchi zikijaa basi. Nenda na mtoto mwenyewe, ubebe daftari lake la zamani lenye makosa, usilete lile safi la kunakili. Hilo la makosa ndilo atakaloomba kwanza.