Silver Cloud na Bentley S: ya kununua kwanza, ya kununua mwisho

Rolls-Royce Silver Cloud na Bentley za mfululizo wa S zilitengenezwa pamoja kwenye kiwanda cha Crewe, Uingereza, kuanzia 1955 hadi katikati ya miaka ya 1960. Ukitoa rejeta na nembo, umebaki na gari lilelile. Ndiyo maana napanga orodha hii kwa injini na kutu, jina baadaye.

1. Bentley S1 (1955–1959). Injini ya silinda sita za mstari, lita 4.9, taratibu lakini ngumu, na fundi haangaiki kuifikia. Mara nyingi huuzwa chini ya Silver Cloud ya mwaka uleule. Tafuta yenye usukani wa pawa, kwani haukuwa wa lazima wakati ule, na gari lina karibu tani mbili. Kuegesha bila pawa utatoka jasho.

2. Silver Cloud III au Bentley S3 (kuanzia 1962). Hizi ndizo zenye taa nne mbele. V8 yake (injini ya silinda nane) ya lita 6.2 ilianza 1959, na uzao wake uliendelea kufungwa kwenye Bentley hadi 2020, kwa hiyo usiiogope. Kinachoiua ni uzembe wa maji. Bloku ni ya alumini, silinda zake ni za chuma na zimezungukwa na maji moja kwa moja. Mwenye gari akiweka maji ya bomba matupu miaka nenda rudi, kutu itakula kutoka ndani. Fungua rejeta injini ikiwa baridi. Ukiona maji ya rangi ya kutu, aga uondoke. Baadhi ya plagi hufikiwa kwa kuvua gurudumu la mbele, na fundi atakutoza muda huo.

3. Silver Cloud I. Ni S1 yenye bei ya jina. Ila kama unataka gari la kukodisha kwenye harusi, ipandishe iwe ya kwanza: maharusi wanataka ile sanamu ya Rolls-Royce iliyo juu ya rejeta.

4. Silver Cloud II na S2 (1959–1962). V8 ya mwanzo. Baadhi ya zile za awali zilivunjika krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Bila faili la risiti za matengenezo, usinunue.

Zote nne hunywa lita 20 na zaidi kwa kilomita 100, kwa hiyo mafuta hayatakusaidia kuchagua.

Pesa nyingi huishia kwenye bodi. Lala chini utazame chasisi karibu na ekseli ya nyuma, kisha vizingiti chini ya milango na sehemu za chini za madgadi. Beba sumaku, kwa sababu puti iliyopakwa vizuri hudanganya macho. Lakini milango, boneti na mlango wa buti ni vya alumini. Sumaku isiposhika hapo usimgombeze muuzaji bure.

Ukiendesha, usishtuke breki zikichelewa kidogo mwendo ukiwa mdogo sana. Ni za dramu, na msaada wake hutoka kwenye gia boksi inayozunguka. Gia zenyewe ni otomatiki ya hatua nne iliyobuniwa na General Motors. Kushtuka kidogo inapobadili ni kawaida yake; injini kupiga kelele gari lisisogee, hapana.

Kwa mnaoishi Uingereza: gari lililopita miaka 40 linaweza kusajiliwa kama la kihistoria, likaondokewa na kodi ya barabara na ada ya ULEZ, ile inayotozwa magari yanayochafua hewa London. Ukaguzi wa MOT, ule wa usalama wa gari wa kila mwaka, nao si lazima ikiwa halijabadilishwa sana. Wauzaji wengine hujificha hapo. Mwambie alipeleke likakaguliwe, gharama ulipe wewe. Akikataa, nenda kaangalie jingine. Na siku ya kwenda kuliona, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukigusa boneti ukakuta ya moto, omba siku nyingine, maana unataka kusikia linavyoamka likiwa baridi.