Fundi wa "feni inazunguka, pawa nzima"

Sitaki kumharibia mtu riziki yake kwa hiyo jina la duka sitaji, ni Kariakoo huku huku, inatosha.

Kompyuta ya stationari yangu, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, tangu siku hiyo ukibonyeza inawaka sekunde mbili feni inazunguka halafu kimya. Nikaipakia kwenye bajaji kama mgonjwa mpaka kwa fundi. Akachomoa pawa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachogawia kompyuta umeme), akachukua pini ya kubania karatasi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, akawasha ukutani, feni ikazunguka. Basi! "Umeona? Pawa nzima, madabodi ndo imekufa. Laki na 80." (Madabodi ndo ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha vifaa vyote.)

Nikamuuliza kwa adabu kabisa, fundi, huipimi na multimita, ile mita ya kupimia umeme? Akanitazama juu mpaka chini mbele ya wateja, akasema "Dada wewe uza kalamu, kompyuta niachie mimi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndo kinachoniuma mpaka leo, eti nilicheka, tena nikatoa na elfu 10 yake ya kuangalia.

Mtaani kwetu kuna kijana anakaa chini ya mwavuli anatengeneza redio na masabufa. Huyo akaniambia ile pini inaonyesha tu kwamba pawa inakubali kuwaka, haionyeshi kama inabeba mzigo, kwani kafeni kale kanakula umeme kiasi gani? Akaifunga tena kwenye kompyuta, multimita akaweka kwenye waya wa njano na mweusi, akasema dada soma mwenyewe, hapo inatakiwa volti 12, ikishuka chini ya 11.4 ujue ni mbovu. Nikabonyeza. Ikaanza 11 na kitu, ikaporomoka mpaka 10.3, kompyuta ikazima. Mimi muuza kalamu nimeona kwa macho yangu!

Akachomoa waya ukutani akaiacha ikae kwanza ndo akafungua, maana kapasita kubwa ya mle ndani (kidude kinachotunza umeme) inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata kama umechomoa (msijifungulie wenyewe nyumbani jamani, mtakufa). Kapasita 2 za upande wa kutolea umeme zimevimba juu kama maandazi, moja imevuja uchafu wa kahawia. Akabadilisha zote 2, akapima tena kompyuta ikiwa inafanya kazi, 12.1 imetulia tuli. Elfu 15 na kapasita zake humo humo.

Nilivyoanza kuandika nilitaka kumwita yule wa Kariakoo tapeli. Labda siyo tapeli, labda ni uvivu tu, siku ile foleni ilikuwa ndefu na jua kali, mtu anachoka... Lakini hapana! Multimita ilikuwepo mezani, nimeiona, pembeni ya kikombe chake cha chai! Kunyoosha mkono tu ndo kulimshinda.

Nyota 1. Na hiyo 1 ni ya printa yangu aliyoitengeneza mwaka jana, pale kwa kweli alifanya kazi, haijanisumbua kabisa mpaka juzi imeanza kumeza karatasi, na huyu wangu wa mwavuli printa hagusi. Kwa hiyo Jumamosi nadhani nitarudi kule kule. Ila safari hii akinitania sicheki.