Jumba la maduka la mtaani kwetu: nyota tatu, na zote ni za ghorofani

Tuelewane mapema: hapa sizungumzii Two Rivers wala Village Market, yale majumba ambayo watu huenda kutembea Jumapili na viatu vipya. Nazungumzia jumba la maduka la kawaida la Nairobi, lililojengwa enzi ambazo mtoto akipanda eskaleta alikuwa na hadithi ya kuwapelekea wenzake shuleni. Kwa miaka kadhaa sasa wenyewe wamekuwa wakijaribu kulifufua. Jina nimelibana makusudi, maana wapangaji wake ni watu tunaosalimiana na sipendi kuwaharibia riziki.

Ufufuo wenyewe unaonekana ukiwa bado barabarani. Rangi ya kijivu na dhahabu, bango jipya, nyasi za plastiki mbele ya mlango mkubwa na viti ambavyo hakuna anayevikalia kwa sababu jua la saa saba linavipiga barabara. Ndani, eskaleta ya kupandia inafanya kazi. Ya kushukia ni ngazi tu, na si ngazi nzuri. Vioo vya maduka matupu vimefunikwa kwa picha za wanawake wanaocheka wakiwa wamebeba mifuko, na maandishi ya kusema duka jipya liko njiani. Picha zenyewe zimeanza kupauka.

Chanzo cha yote haya ni supamaketi, na wala si siri ya jumba hili peke yake. Majumba mengi ya hapa yalijengwa kuizunguka supamaketi moja kubwa. Hiyo kubwa hupewa kodi nafuu kwa kila futi kwa sababu ndiyo inayoleta watu. Wenye viatu, miwani na zawadi hutozwa zaidi kwa sababu wanaishi kwa watu hao wanaopita mbele ya vioo vyao. Mpango mzuri, mpaka mkubwa aanguke. Nakumatt, ambayo ilikuwa na matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, iliyumba kuanzia 2017, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa. Uchumi, iliyokuwepo tangu miaka ya sabini, ilikuwa tayari imenyong'onyea. Tuskys ikafuata. Jumba letu nalo lilibaki bila supamaketi katika miaka hiyo hiyo, na muda wote huo mwenye miwani aliendelea kutozwa kodi ya umati ambao haupo.

Wako waliojinasua. Sarit Centre ilifunguliwa 1983, kwa hiyo ni mzee kuliko wengi wetu tunaoliponda jumba letu, lakini ilijipanua, Carrefour ikaingia, na leo kupata nafasi ya gari pale mwisho wa mwezi ni vita. Sasa mameneja wote wa majumba makuukuu wanataka kuwa Sarit. Wanachosahau ni kwamba Sarit iko Westlands, katikati ya maofisi, na kwamba kupanua jengo ni pesa nyingi, si rangi. Tena tangu Carrefour ilipoingia nchini 2016 kupitia The Hub kule Karen, karibu kila upande wa jiji umepata supamaketi zake za maana, ziwe Naivas, Quickmart au Chandarana. Hakuna mtu atakayepanda matatu mbili kufuata mkate.

Supamaketi tuliyopata baadaye ilichukua chini ya nusu ya ukumbi wa zamani. Matunda yake ni mazuri, mkate hutoka moto jioni, foleni ni ndefu kwa sababu keshia huwa wawili hata Ijumaa. Basi, sina la kuongeza.

Twende juu, kwenye sababu inayonifanya niendelee kwenda.

Maduka ya nguo na vito yalipohama ghorofa ya pili na ya tatu, kodi ya huko ilishuka, na kodi iliposhuka wakaingia watu ambao jumba halikuwahi kuwaota. Kuna daktari wa meno. Kuna shule ya udereva yenye ubao wa mbao wa kufundishia mzunguko, na vigari vya kuchezea vya kusukuma kwa kidole. Kuna fundi wa simu ambaye atakwambia ukweli kama simu imekufa, sifa ambayo Luthuli Avenue, kule kwenye maduka ya simu, si rahisi kuipata. Kuna kinyozi, fundi viatu, mwanadada wa picha za pasipoti, na chumba cha wauzaji wa Instagram watatu wanaogawana kodi: wanauza mtandaoni, wateja wanakuja kuchukua mizigo na kujaribu saizi. Ukumbi wa sinema wa zamani ni kanisa. Jumapili saa nne kuna watu wengi mle kuliko jumba zima linavyopata wiki nzima, na ibada ikiisha wote hushuka kununua maziwa.

Mwisho kabisa wa korido yupo mama anayeshona. Kukata suruali ni sh200 na unasubiri umeketi. Akipokea nguo huigeuza ndani nje kwanza, anavuta mshono kwa kucha, kisha anakuambia kama inafaa kutengenezwa au umletee pesa ya bure. Koti langu la kazini alilibadilisha bitana, na hadi leo hakuna aliyegundua. Siku moja nilimkuta akishusha magauni aliyokuwa ameyatundika mlangoni.

"Mama, unahama?" nikamuuliza.

"Nihamie wapi, mwanangu? Wameniandikia barua. Eti nguo zikining'inia nje zinaharibu sura ya jumba. Hao wanataka wateja wa kuangalia vioo. Wangu mimi wanakuja na suruali mkononi."

Malalamiko yangu yote kuhusu jumba hili yamo katika jibu hilo. Limeshazaliwa upya, lakini wenyewe wanaona haya kulikubali. Pale mlangoni kuna kibao kikubwa kinachowaka taa, cha kuonyesha kila duka liko wapi. Kinakuelekeza kwenye duka la manukato lililohama zamani. Daktari wa meno hayumo, mama wa kushona hayumo, shule ya udereva haimo. Mgeni atasoma kibao, aone hakuna kitu, ageuke.

Paking ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nusu saa ya kwanza ni bure, na ukinunua supamaketi tiketi yako hupigwa muhuri wa saa mbili. Ukienda kung'oa jino hakuna muhuri. Nilipanda hadi ofisini na shavu limevimba kuuliza, nikajibiwa kwa adabu sana kwamba nafuu hiyo ni ya wanaonunua bidhaa. Kwa hesabu hiyo, aliyenunua pakiti ya maziwa ni mteja, na aliyelipa maelfu kwa daktari ni mpita njia aliyepotea.

Halafu kuna Jumamosi ya familia. Mara kwa mara wanaleta DJ na jumba la kuruka la watoto katika ukumbi wa chini. Watoto wanafurahi, sikatai, na binti yangu ni mmoja wao. Ila ukumbi uko wazi hadi paa, na besi inapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha daktari. Fungua kinywa uone.

Cha kushangaza ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ilishapatikana Nairobi hii hii. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Garissa Lodge kule Eastleigh ilikuwa nyumba ya wageni. Wasomali waliokimbia vita walipanga vyumba, wakaanza kuuza bidhaa humo humo, na badala ya kuwafukuza, jengo likageuzwa maduka. Maduka ya Eastleigh tunayoyajua leo yamekua kutokea hapo. Moi Avenue nako, duka moja kubwa lililoshindwa kodi hukatwakatwa vibanda ishirini na kila kibanda kikapata mtu. Kwenye majengo hayo mwenye nyumba alimfuata mpangaji. Kwetu mpangaji anaandikiwa barua.

Nisiwanyime haki yao: vyoo ni safi kuliko vya majumba mapya, na vile vilivyokuwa vya kulipia shilingi kumi sasa ni bure. Walinzi hawana kiburi. Stima ikipotea jenereta huwaka upesi, ingawa huendesha taa na friji za chini tu. Lifti husimama, na wazee wanaokwenda kwa daktari hupanda ngazi wakipumzika kila ghorofa.

Nyota tatu, basi, na ghorofa ya chini haijachangia hata moja. Ukiamua kuja, achana na mlango mkubwa na kibao chake. Zunguka nyuma, upande wa duka la dawa, kuna ngazi zinazokufikisha ghorofa ya pili bila kupita kwenye nyasi za plastiki. Mama wa kushona hufungua saa tatu, na vitambaa vya bitana ni bora uje navyo. Fundi wa simu hachukui pesa kabla hajaiwasha simu mbele yako. Kwa daktari piga simu kwanza, uulize kama kuna DJ. Fundi viatu hufunga Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane kwa ajili ya swala. Ukimkuta hayupo, acha viatu kwa kinyozi.