Vipakiti vya kwenye boksi la viatu: vinatunza mbegu kweli?

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena nyumbani kwangu hapa Kisumu. Leo sijanunua kitu dukani. Nimeshika hivi vipakiti vyeupe vya silika jeli, vile mnavyovikuta kwenye boksi la viatu mkavitupa. Mmeniuliza sana kama vinaweza kutunza mbegu za mboga za kienyeji. Vinaweza, lakini si vile vinavyotoka kwenye boksi. Lazima kwanza uvikaushe.

Mwaka jana sikulijua hilo. Nilitia vipakiti kumi kwenye chupa ya mbegu za dek, yaani mgagani, nikafunga, nikaamini kazi imekwisha. Masika yalipoanza nikapanda kitalu kizima, na iliyochomoza ni miche ya kuhesabu kwa vidole. Mbegu zile nilipewa na mama mkwe, ambaye miaka yote alizihifadhi kwa jivu tu na zikaota. Iliniuma sana.

Kosa lilikuwa hili. Punje za silika jeli zimejaa vitundu vidogo mno. Kuta za vitundu vilivyo ndani ya gramu moja tu, ungeweza kuzitandaza, zingefunika uwanja wa netiboli na kubaki. Unyevu wa hewani hunata kwenye kuta hizo mpaka nafasi iishe. Sasa kipakiti kimevuka bahari, kimelala stoo, kisha boksi limefunguliwa na kila mteja pale sokoni Kibuye, na hewa yetu ya ziwani mnaijua. Kinakufikia kimeshashiba. Chupa ikipata joto mchana, kinaanza kuachia maji, na aliye karibu kuyapokea ni mbegu yako.

Tazameni mizani. Nimepasua vipakiti, nikamimina punje polepole kwenye sahani ya bati, dirisha likiwa wazi kwa sababu vumbi lake si zuri kuvuta. Gramu 61. Ovena sina, natumia sufuria ile ya kuokea keki: mchanga chini, makaa kiasi, mfuniko nimeuachia upenyo mvuke utoke. Kipimajoto humu ndani nakishikilia karibu na nyuzi 120. Baada ya saa mbili, oneni wenyewe: gramu 48. Gramu 13 za maji! Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafungia pamoja na dek yangu.

Kipakiti kizima msikiweke motoni, karatasi itaungua na vile vya plastiki vitayeyuka. Moto mkali wa ghafla nao hupasua punje. Zikitoka jikoni, ziingie kwenye chupa ya kioo iliyokauka, funika, zipoe humo humo. Ukiziacha wazi mezani zinaanza kunywa unyevu upya. Zikipoa nazitia kwenye kifuko cha kitambaa cha marekani nilichoshona mwenyewe, na juu yake naandika uzito: 48. Kila mwezi nakipima. Kikifika 53 kinarudi kwenye sufuria. Namba hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi yangu, kwa sababu punje nyeupe hazikuambii kwa macho kama zimeshiba.

Kwa asiye na mizani, zile za kununua za rangi ya machungwa zinafaa zaidi: zikishiba zinageuka kijani, unajua. Za bluu zinazogeuka waridi mimi siziingizi hapa kwangu. Rangi ile ni kobalti kloridi, ni sumu, na nina watoto. Na si kila kipakiti ni silika jeli. Vile vya unga wa chuma, vya kwenye vyakula vya kufungashwa, kazi yake ni kunyonya oksijeni, na kukausha hakuvirudishi. Vinavyogeuka uji ni vya kutupa.

Chombo nacho. Ukiweka silika jeli kwenye gunia au mfuko wa karatasi, unajaribu kukausha hewa ya Kisumu nzima. Chupa ya kioo, kifuniko chenye raba, basi. Mbegu zikauke kivulini kwanza. Kama bado zina unyevu, weka silika jeli sawa na uzito wa mbegu kwa wiki moja hivi. Zikishakauka, kifuko kidogo kinatosha kulinda.

Na kabla ya kufunga napima kwa chumvi, kama wanavyofanya wakulima wa mahindi. Mbegu kidogo kwenye chupa kavu, kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Hii ni osuga, yaani mnavu: chumvi yote imeanguka chini, chupa safi. Nafunga, naandika tarehe. Hii ni apoth, yaani mlenda... sogeeni muone, chumvi imeshika ukutani. Bado haijakauka. Kesho asubuhi inarudi kwenye ungo, kivulini.